Subaru Kuukuu Kwenye Njia ya Wapagazi

Wengi wakitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huishia ufukweni. Hula samaki, hupiga picha kwenye milango ya nakshi, na jua likizama hurudi mjini. Bagamoyo ninayotaka kuieleza iko nyuma ya hiyo. Ni ya udongo mwekundu, mashamba ya mananasi, mabonde ya tope jeusi, na vijiji vya Wakwere ambavyo njia zake hufungwa kwa saa chache ili magari ya mbio yapite. Niliipita nikiwa kwenye kiti cha kushoto cha Subaru Impreza ya mwaka 1996, kofia ngumu kichwani na daftari mapajani, nikimsomea shemeji yangu njia kona baada ya kona. Yeye ni dereva, mimi ni msoma ramani. Sote wawili tuna kazi nyingine za kutulisha; mbio tunazifanya kwa mapenzi na kwa akiba zetu wenyewe.

Gerezani

Safari ya namna hii huanza muda mrefu kabla ya barabara. Yetu ilianzia Gerezani, kwenye vichochoro vya spea vilivyo jirani na Kariakoo, ambako hujamaliza kutaja jina la gari kijana keshakuuliza mwaka na aina ya injini. Huko ndiko tulikookota, kipande baada ya kipande, karibu kila kilichokosekana kwenye gari letu.

Gari lenyewe shemeji alilikuta Tabata, limeegeshwa chini ya mwembe, matairi yamekaa, tabo imekufa, kuku wametaga ndani ya buti. Mwenyewe alishukuru kuona linaondolewa. Lakini sisi tuliokua miaka ya tisini jina la Impreza lilituingia mapema. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na Impreza ya buluu, na Richard Burns naye akaishinda kwa Impreza mwaka 2000. Magari yale yaliandaliwa Uingereza na kampuni ya Prodrive, kwa fedha ambazo mpenzi wa mbio wa kawaida hawezi kuziota. Hata hivyo ukoo ni mmoja. Injini ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo uzito wake uko chini, karibu na ardhi. Na nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Kwa njia ya udongo hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Udhaifu wake ni gia boksi. Zile za gia tano za miaka ile meno yake hukatika dereva akiachia klachi kwa hasira.

Fundi wetu ni mzee wa Kizaramo aliyejifunza kazi kwenye Peugeot 404. Tunamwita Mzee, basi. Siku ya kwanza shemeji alimletea orodha ndefu ya vitu vya kuongeza nguvu. Mzee aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Gari la mbio mnalivua kwanza, wanangu," alisema. "Kulivalisha ni baadaye."

Tukalivua. Zulia, viti, redio, vitambaa vya milangoni na ile lami ya kuzuia kelele iliyogandishwa sakafuni, vyote vikatoka mpaka likabaki bati tupu, na bati tupu halifichi kitu. Kutu ilikuwa imekula chini ya milango yote miwili ya nyuma. Pale ilipokula pakakatwa na kuchomelewa upya, kisha Mzee akapita kwenye maungio ya bodi akiyaongezea nukta za moto ili gari lisijipinde kila linapotua. Ndani tukafunga kizimba cha mabomba ya chuma yasiyo na mshono, kile kinachowakinga watu gari likibiringika. Mipira ya mafuta na ya breki, ambayo kiwandani ilipitishwa chini ya gari, tuliihamishia ndani ili mawe yasiikate. Chini ya injini likafungwa bamba nene la alumini. Mikanda ya viti tulinunua mipya, maana mikanda ya mashindano ina tarehe ya kufa: miaka mitano, na mkaguzi akikuta imepita harudishi maneno.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni kidogo sana. Mzee alipomaliza kukaza nati yoyote ya maana, ya shokapu, ya mkono wa gurudumu, ya gia boksi, alichovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe na kuvuta mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukivunjika katikati, imelegea, na unaiona kwa jicho bila kushika spana. Chini ya gari letu kuna mistari hiyo kila upande, na usiku wa kuamkia safari alilala chali juu ya boksi na kurunzi mdomoni akiikagua mmoja mmoja.

Injini ilibaki na nguvu zilezile za kiwandani. Nimeona vijana wengi wakianza na tabo kubwa, wakimaliza fedha kwenye injini, halafu wanaingia njiani na shokapu zilizochoka na breki za sokoni. Gari linakwenda kasi mpaka shimo la kwanza. Naamini Mzee alikuwa sahihi, na safari yenyewe ilinizidishia imani hiyo.

Kaole

Gari lilipakiwa kwenye lori, sisi tukafuata nyuma. Ukishapita Tegeta na Bunju jiji huanza kukuachia taratibu. Mapinga, Kerege, Zinga: minazi, mikorosho, nyumba zinazojengwa kidogo kidogo kila mwenye nayo anapopata mifuko ya saruji, na vijana wameshika madafu kando ya lami. Ilikuwa wakati wa vuli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kila kitu kilikuwa kijani cha kuumiza macho.

Kabla ya kuingia mjini tuliomba dereva wa lori atangulie, sisi tukakata kulia kwenda Kaole. Magofu yake yako kimya chini ya miti: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, wa kale zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ambayo baadhi yana nguzo ndefu zilizosimama vichwani mwa marehemu, kama ilivyo desturi ya pwani yetu kuanzia Kenya hadi Kilwa. Watu hawa walikuwa wafanyabiashara wa bahari, wakati mji wa Bagamoyo bado haujawa na jina. Leo ukisimama kwenye kibla cha msikiti huioni bahari. Mchanga na tope vimejaza bandari, mikoko ikashika, maji yakasogea. Mji wa Kaole ulihamwa na shughuli zikahamia kaskazini, mwendo wa saa moja kwa miguu.

Richard Burton na John Speke walipoanza safari yao ya kutafuta maziwa makuu mwezi Juni 1857, walishukia Kaole. Mlinzi wa magofu alituonyesha upande ambao njia ya bara ilikuwa ikielekea. Sasa ni shamba la mihogo, na katikati yake kuna kijia cha baiskeli.

Shemeji alikiangalia kijia kile kwa muda. "Hii ningeipita kwa gia ya tatu," alisema.

Bagamoyo mjini

Mji Mkongwe wa Bagamoyo una mtaa mmoja mkuu, Barabara ya India, na majumba yake mengi yamechoka. Ngome ya Wajerumani ya mwaka 1897 bado ina kimo chake. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu kwa muda mfupi tu, kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891 kutafuta bandari yenye kina. Upande wa kaskazini iko misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868, na ndani yake kuna mnara mdogo ambao Februari 1874 ulilaza mwili wa David Livingstone. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu tangu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, miezi mingi na zaidi ya kilomita 1,500. Mimi nikisimama pale humfikiria marehemu kwa muda mfupi. Wabebaji ndio wanaonishika.

Maana mji huu ni mji wa wabebaji. Njia ya misafara ilitoka hapa ikavuka Ruvu, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo hadi Tabora, na mwisho Ujiji, ziwani Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na meno ya tembo mabegani na kupanda na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Katika misafara hiyohiyo walishushwa watumwa, wamefungwa, kuja kuuzwa na kuvushwa Unguja, na hakuna hadithi ya Bagamoyo iliyo kamili bila wao.

Jambo ambalo vitabu hulitaja haraka, na mimi safari hii nililitazama kwa karibu, ni kwamba misafara haikufika Bagamoyo na kuondoka kesho yake. Ilikaa. Majuma yalipita watu wakipima mizigo, wakiichambua, wakiifunga upya, wakibishana juu ya aina ya shanga zinazopendwa Ugogo mwaka huo, kwa sababu ukibeba shanga ambazo huko mbele hakuna anayezitaka, utakufa njaa ukiwa tajiri. Henry Morton Stanley alifika hapa Februari 1871 na hakuondoka hadi Machi. Kati ya vitu alivyojitengenezea ni mkokoteni mwembamba, wa kupita kwenye vijia vya bara. Baada ya tope na vichaka, alimwona mmoja wa askari wake akija ameubeba mkokoteni mzima kichwani, magurudumu na ekseli, kwa kuwa aliona kuubeba ni rahisi kuliko kuuvuta. Hilo ndilo gurudumu la kwanza ninalolijua katika njia hii, na njia ililikataa.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa kando ya mji, na magari yalikuwa yamejipanga boneti wazi: Mitsubishi Lancer Evolution, Subaru za kila umri, Toyota chache. Wakaguzi walipita na orodha. Walivuta mikanda, wakasoma tarehe, wakagonga kizimba, wakatazama kofia zetu na vile vifaa vya kukinga shingo. Mmoja aliinama chini ya gari letu akakaa huko kwa muda. Alipotoka alimuuliza Mzee ile mistari nyeupe ni ya nini, na Mzee akamweleza kwa subira ya mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote.

Jioni tulikwenda soko la samaki. Mnada ulikuwa umekwisha na kina mama walikuwa na makarai yao motoni. Tulikula kolekole wa kukaanga kwa mihogo na kachumbari yenye pilipili ya kutosha, tukashushia kahawa chungu kwa kashata za nazi kwenye baraza ya jirani. Hapo pwani, hatua chache kutoka makarai, mafundi wawili walikuwa wakikalafati mashua: wanasokota pamba, wanaichovya mafuta, wanaisukuma kwenye mwanya kati ya mbao kwa patasi na nyundo, tak tak tak, mshono mzima mpaka mwisho. Mzee aliacha kahawa yake akaenda kuwasalimia. Walizungumza kwa muda mrefu juu ya viungo na nyufa, na ungesema ni watu wa gereji moja.

Barazani palikuwa na wazee wa rika la Mzee, nao walipojua tumekuja na gari la mbio mazungumzo yakarudi miaka ya sitini. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi mapema miaka ya sabini ilikuwa yetu sote wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, ilishindwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam kabisa. Hannu Mikkola kutoka Finland akaichukua kwa Ford Escort, dereva wa kwanza wa kutoka ng'ambo kushinda. Kisha mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye boneti refu ambalo leo matajiri wanaligombania minadani.

"Mnajua Safari ya 1963 walimaliza wangapi?" Mzee aliuliza baraza zima. "Magari saba. Na 1968, saba vilevile. Na mara zote mbili mshindi ni Nowicki, na ni Peugeot. Haikuwa na kasi kuzishinda zingine. Ilikuwa inafika."

Kiwangwa

Siku iliyofuata ilikuwa ya kusoma njia, na kwangu ndiyo siku tamu kuliko zote. Hukimbii. Unapita njia ya mashindano kwa gari la kawaida, polepole, dereva anaitamka njia kwa sauti na wewe unaiandika. Kwa hiyo unaiona nchi kwa namna ambayo abiria wa basi hawaioni kamwe, kwa kuwa kila mwembe, kila kichuguu na kila kalvati lazima lipate jina na namba.

Ukitoka Makofia kwa barabara ya Msata unashuka kwanza kwenye bonde la Ruvu, bapa, la matete na mashamba ya mpunga, ambapo korongo weupe husimama wakivizia. Baada ya hapo nchi inapanda taratibu na udongo unabadilika: mchanga wa pwani unakuwa mwekundu, minazi inapungua, mikorosho inashika. Kiwangwa ni mananasi. Yanakuja hadi ukingoni mwa lami, mistari ya majani ya buluu-kijani yenye miiba, na kando ya njia yamepangwa mafungu kama kuta.

Tuliingia njia ya udongo, nikaanza kuandika. Kona tunazipa namba, moja ikiwa kali kuliko zote na sita ikiwa ya kupita bila kupunguza. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: *kulia nne ndefu, mia, kilima katikati, kushoto mbili usikate gogo, hamsini, tope kaa kulia, kushoto tano kwa mkorosho*. Maneno "usikate" niliyapigia mstari mara mbili, maana gogo lile lilikuwa limefichwa na nyasi upande wa ndani wa kona, mahali hasa ambapo dereva mwenye haraka angelipeleka gurudumu.

Katika kijiji kimoja tulisimama kwa sababu haikuwa adabu kupita. Mzee mwenye kibarakashia alikuwa amekaa chini ya mwembe na wenzake wakicheza bao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Ndio leo mnakimbia?"

"Hapana, mzee. Leo tunasoma njia tu. Kesho."

"Aa. Basi kesho nitafunga mbuzi." Akatufikiria kidogo. "Na pale kwenye bonde, mkiona maji, msiyaamini. Usiku kukinyesha huko juu, asubuhi bonde linakunywa."

Niliandika kwenye daftari: *bonde, maji, usiamini*. Bi mmoja aliyekuwa akisikiliza mlangoni alimtuma mjukuu wake, na mtoto akarudi na nanasi na panga. Alilishika kwa shungi lake, akalimenya kutoka juu kwenda chini, kisha akayatoa macho yake kwa kuyafuata kwenye mshazari, mfereji mwembamba unaozunguka tunda zima, ili asipoteze nyama. Akalipasua vipande virefu bila kulitoa kwenye kikonyo. Juisi ilimchuruzika hadi kiwikoni. Tulikula tumesimama, tumeinama mbele ili nguo zisichafuke, na fedha Bi alizikataa katakata. Alitaka tu kujua ni nani kati yetu anayeendesha, na alipoambiwa ni shemeji, akanigeukia.

"Na wewe kazi yako kupiga kelele?"

"Ndiyo, mama. Namwambia kona kabla hajaiona."

"Basi mwambie apunguze hapa kwangu."

Na hilo pia niliandika.

Siku ya mbio

Kulinyesha usiku. Alfajiri upepo ulitoka baharini ukiwa na harufu ya mwani, na magari yaliwashwa moja moja huku mji ukiamka kwa adhana. Tuliondoka kwa kupishana dakika mbili mbili ili kila mmoja apate njia yake, ingawa asubuhi ile, shukrani kwa mvua, vumbi halikuwapo.

Kwenye mstari wa kuanzia mtu wa saa anasimama mbele ya boneti na kunyoosha vidole vitano. Anakunja kimoja, kingine. Ndani husikii kitu isipokuwa injini na pumzi yako ndani ya kofia. Kisha vidole vinaisha, na kila ulichokifanya Gerezani kinaulizwa kwa mkupuo.

Sitaielezea njia yote. Nitasema jinsi inavyokuwa: macho yangu yako kwenye karatasi karibu muda wote, kwa hiyo nchi naisikia kwa makalio na mgongo. Najua tumefika udongo mwekundu kwa kuwa gari linatulia. Najua tumeingia tope jeusi kwa kuwa nyuma panaanza kucheza. Nchi naiona kwa vipande vya nusu sekunde ninapoinua kichwa: watoto juu ya kichuguu, kanga ya manjano, mgambo na kitambaa chekundu. Kwenye gogo nilisema "usikate" kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mwenzetu mmoja aliyetutangulia alikuwa pale kando, gurudumu la mbele limelala ubavu, yeye na msoma ramani wake wako salama wameshainua pembetatu ya kuonya wengine.

Bondeni maji yalikuwapo, kama mzee alivyosema. Shemeji alipunguza mpaka nikahisi tumesimama, tukaingia taratibu, maji yakapanda hadi kwenye taa, injini ikakohoa mara moja na kuendelea. Kijijini kwa Bi alipunguza pia. Sikumwona, lakini mbuzi walikuwa wamefungwa.

Katika hatua ya pili sauti ikaanza. Mwanzo niliidhani tairi: mlio mzito, kama wa mtu anayenung'unika kwa mbali, unaopanda gari likipinda kulia na kutulia likipinda kushoto. Shemeji aliusikia kabla yangu. "Beringi," alisema, na hatukuongea tena isipokuwa kona.

Tulipofika mahali pa sevisi Mzee alikuwa ameshatandika turubai. Hakuuliza. Alisikia gari likiingia, akanyoosha kidole gurudumu la nyuma kushoto. Likainuliwa, akalishika juu na chini kwa viganja viwili na kulisukuma kwa zamu. Likacheza. Si sana, kama jino la mtoto linalokaribia kutoka, lakini lilicheza.

Beringi ya nyuma ya Subaru za miaka ile haitoki kwa mkono. Inataka mashine ya presi, na muda wa sevisi ni mfupi kiasi kwamba wengine hapo hufunga vifaa na kurudi nyumbani. Mzee alikwenda kwenye lori akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye gunia. Ndani palikuwa na kipande kizima cha kubebea gurudumu, kutoka gari lililokufa, beringi mpya imeshapigwa presi Gerezani, grisi imeshawekwa, mistari ya rangi nyeupe ikisubiri bolti zake. Kumbe alikuwa ameviandaa viwili, kushoto na kulia, bila kumwambia mtu. Yeye na kijana wake walifungua bolti, wakatoa cha zamani, wakapachika kipya, wakarudisha breki. Mimi nilimulika tu. Tulitoka kabla ya dakika zetu kwisha, na Mzee alikuwa bado ameshika brashi.

Mchana jua lilitoka na njia ikakauka, na sasa ndipo gari la miaka yake lilipoonyesha lilichokuwa nacho. Kwenye vilima vya kuelekea Msata, ambako changarawe ni nyepesi na kona zinafuatana, nguvu nyingi hazina kazi. Ukizidisha unateleza tu. Impreza ilikaa chini, ikashika, ikapita. Mara mbili tulimkuta aliyetangulia, mwenye gari jipya kuliko letu, ameegesha: mmoja rejeta imetobolewa na jiwe, mwingine gia hazishiki. Niliwaonea huruma kwa dhati, maana najua kilichomo nyuma ya gari kufika pale: fedha za ada, usiku wa gereji, ahadi kwa mke au mume nyumbani.

Hatukushinda. Waliotutangulia walikuwa na kasi ya kweli na waliistahili. Lakini tulimaliza, kwa nafasi ambayo shemeji hakuitegemea, na jioni watu wa Bagamoyo waliyazunguka magari yaliyorudi wakayagusa kwa viganja, tope na yote, wakiuliza yanakula mafuta kiasi gani.

Usiku ule mjini palikuwa na ngoma. Wanafunzi wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoko kando ya bahari, walikuwa wakifanya mazoezi ukumbini, na sauti ilifika hadi mahali tulipolala. Shemeji alikwenda kuangalia. Mimi nilibaki na Mzee, aliyekuwa ameshafungua nati ya chini ya gia boksi na kukinga mafuta kwenye beseni. Aliyapitisha vidoleni, akayainua karibu na taa. Palikuwa na unga laini wa chuma, wa kawaida, na hapakuwa na vipande. Meno yalikuwa salama.

Akafuta mikono, akanipa daftari langu mwenyewe niandike. Oili mpya ya gia. Padi za breki za mbele. Kioo cha taa ya kulia, ambacho maji ya bondeni yalikipasua. Shokapu ya nyuma kushoto ipelekwe ikapimwe. Na beringi ya nyuma kulia itolewe hata kama hailii.

"Hiyo si ilikuwa nzima, Mzee?" niliuliza.

"Ziliwekwa siku moja," alisema. "Andika."